Giza la Ijumaa

Tangu utotoni mimi ni mtu wa kurudi nyuma kuhakikisha. Nilikuwa nikifunga zizi la ndama jioni, natembea hatua kumi kuelekea jikoni, halafu narudi kulitikisa komeo. Natembea tena, narudi tena. Mama akanibandika jina la mkaguzi. "Mkaguzi amefunga?" angeuliza, na mimi badala ya kumjibu ningerudi zizini mara ya tatu. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba niliharibikiwa kwa uvivu. Niliharibikiwa nikiwa nakagua.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima giza. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika fizikia, chuo kimoja mjini Kisii, na msimamizi wangu alinipa vijisanduku viwili, kila kimoja kikubwa kama kopo la mafuta ya kupikia, chenye jicho la kioo linalotazama juu. Kila baada ya dakika tano kijisanduku kiliandika namba moja kwenye kadi ya kumbukumbu, namba ya kuonyesha anga ina giza kiasi gani. Namba ikiwa kubwa, giza ni zito na nyota zinaonekana vizuri. Ikiwa ndogo, taa za watu zimepandisha mwanga wao juu na kuzififisha nyota. Mchana, jua likiwaka, mwanga ulikizidi nguvu na kikaandika sifuri tu, sifuri mfululizo, hadi jioni.

Kijisanduku kimoja nilikifunga juu ya paa la nyumba ya ploti niliyopanga Nyanchwa, kilimani juu ya mji. Cha pili nilikipeleka kwetu Ikonge, kwenye majani chai, nikakifunga kwenye ncha ya nguzo fupi ya mkaratusi nyuma ya zizi. Mama alisimama chini akiishika nguzo isiyumbe, akauliza swali moja tu.

"Hicho kitafanya kazi siku gani na siku gani?"

"Siku zote, Mama," nikamjibu kwa majivuno, kana kwamba nimekizaa mwenyewe. "Hiki hakipumziki hata siku moja. Wewe usijisumbue nacho."

Hakusema neno. Mama akinyamaza huwa ana lake, na hilo nalijua tangu nijue kutembea. Lakini nilikuwa na haraka ya gari la kurudi mjini.

Mama ni Msabato, na si wa kujaza kiti kanisani. Ijumaa kwake ni siku ya maandalio. Anafua, anachota maji, anapasua kuni, anapika mboga ya chinsaga na chakula chote cha kesho yake na kukifunika kwa kitambaa cheupe mezani. Jua likigusa mgongo wa kilima, mikono yake inasimama. Hainui jembe, hachumi jani la chai, hawashi moto wa kupikia mpaka jua la Jumamosi lizame. Nilikulia humo. Lakini tangu nianze masomo haya, Sabato zangu nilizipitishia Nyanchwa nikiwa nimeinamia kompyuta, nyimbo za kanisa zikiingia dirishani, nami nimefunga pazia asije muumini yeyote akaniona. Mama akiuliza kwa simu nilimwambia nasali Nyanchwa. Kuwa Nyanchwa nilikuwa kweli. Nyumbani nilikwenda Jumapili, nikabadilisha kadi ile nguzoni, nikanywa chai, nikarudi.

Kadi ikijaa, kazi ilihamia kwenye kompyuta. Nilikuwa nimejifundisha lugha ya Python mwenyewe, kwa kunakili na kukosea, nikaandika programu ya kuzipepeta zile namba kama nafaka ya wimbi kwenye ungo. Mstari mmoja wa programu ulikokotoa mahali jua lilipo na kutupa kila namba iliyoandikwa mchana, kwa kuwa mchana hauna habari kwa mtu anayepima giza. Mwingine ulitupa nyakati ambazo mwezi ulikuwa juu. Mwingine ulichambua mawingu, na kwetu mawingu si haba. Kilichobaki kilikuwa usiku mtupu, safi, na huo ndio niliokuwa nikiukagua.

Siku nilipoiambia programu ipange usiku kwa majina ya siku za wiki, nilitarajia nguzo saba za grafu zilizo sawa. Sita zilikuwa sawa. Ya Ijumaa ilizipita zote. Anga ya Ikonge ilikuwa na giza zaidi usiku wa kuamkia Sabato kuliko usiku mwingine wowote.

Nilisimama, nikazunguka chumba, nikakaa tena. Nikaiendesha programu upya, mkaguzi kazini. Ijumaa ilibaki pale pale. Ndipo maana yake iliponijia. Watu wetu! Ijumaa jua likizama maduka yanafungwa, vinu vya kusaga vinanyamaza, watu wanakaa ndani kwa sala na kulala mapema. Taa zinapungua na anga inapata giza. Imani ya kijiji imeandikwa juu na chombo kimeisoma. Nilimfikiria Mama na mikono yake iliyotulia, nikaona kama nimemfanyia jambo kubwa.

Msimamizi wangu, daktari wa fizikia mtulivu ambaye husifu mara moja kwa mwaka, aliitazama grafu ile muda mrefu. Kisha akaniambia nikae. Kulikuwa na nafasi moja ya kuendelea hadi uzamifu, yenye kulipiwa kila kitu, na jopo lingekaa Jumatatu ya wiki ya tatu kusikiliza waombaji. "Ukileta hii," akasema, "sioni wa kukushinda." Kabla ya wiki kwisha alikuwa amewasimulia wenzake hadi Nairobi.

Mtu mwingine angevimba kichwa. Mimi nilirudi kuikagua. Kadiri watu walivyozidi kuipenda grafu, ndivyo nilivyozidi kuiogopa. Kile kijisanduku cha Nyanchwa hakikuonyesha Ijumaa yoyote, na Nyanchwa ni kilima cha Wasabato watupu. Nilijieleza kwamba hapo ni mjini, watu wamechanganyika, taa za barabarani haziendi kanisani. Maelezo yalikuwa mazuri. Kila asubuhi nilijieleza tena, na kila asubuhi yalihitaji maneno mengi zaidi.

Jumatano kabla ya jopo nilikwenda kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kuchapisha grafu zangu. Mwanamke anayezitunza zile mashine ni wa kutoka ziwani, rafiki yangu wa utani na chai, na huwa hanipi karatasi kabla hajachungulia kilichoandikwa.

"Hebu nione hiyo maajabu ya Sabato," akasema. Akaitazama ya kwanza, akatikisa kichwa kwa heshima. Akaichukua ya pili, ile iliyofuatilia Jumamosi moja dakika kwa dakika baada ya giza kuingia. Kidole chake kikasimama. "Na hapa? Hii kitu imeruka namna hii ni nini?"

"Sabato imekwisha. Watu wanawasha taa."

"Wote? Ndani ya dakika tano?"

"Watu wetu wana nidhamu," nikasema.

Alicheka mpaka akashika meza. "Aki nyinyi Wakisii! Kwetu hata mkutano wa chama unaanza saa moja baadaye. Nyinyi kijiji mzima mnawasha taa kama mtu amepuliza filimbi?" Kisha akaacha kucheka, akanirudishia karatasi. "Mimi sijui mambo ya nyota. Lakini mashine najua. Kitu ikibadilika ghafla hivyo, kuna mtu ameigusa."

Nilimwambia asante, nikalipia kurasa zangu, nikatoka nje kwenye mvua ya alasiri bila mwavuli. Sikuhisi mvua. Neno lile lilikuwa limeingia na kukaa.

Mtu angedhani nilikimbia kwenda kuangalia. Sikukimbia. Alhamisi stima ilipotea kutwa nzima na nilifurahi, naona haya kusema, nilifurahi kweli, kwa sababu kompyuta iliishiwa nguvu na hakuna aliyeweza kunidai ukweli. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilipanga vitabu. Nilijua mahali pa kutazama, tena nilijua tangu Jumatano nikiwa bado nimeshika karatasi. Nilikuwa nimekagua usiku wote, usiku mmoja mmoja. Mchana nilikuwa nimeutupa bila kuufungua.

Ijumaa asubuhi stima ilirudi. Nikachemsha chai, nikaiacha ipoe, nikafungua faili la Ikonge kama lilivyotoka kwenye kadi, kabla programu yangu haijaligusa. Nikateremka hadi mchana wa Jumatatu. Sifuri, sifuri, sifuri. Jumanne, sifuri. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa hadi alasiri, sifuri. Jumamosi saa sita mchana palikuwa na namba. Ndogo, lakini namba. Wiki iliyofuata, vivyo hivyo. Nilifungua wiki zote nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Kila Jumamosi adhuhuri, jua la Ikonge lilikuwa limefifia, na Jumapili lilikuwa limepona.

Jua si taa ya duka. Hakuna Msabato, hata awe mchungaji, anayeweza kulizima kwa ajili ya ibada.

Kwa hiyo kijisanduku kilikuwa kimefunikwa. Mtu alikifunika kabla ya usiku wa Ijumaa na kukifunua Jumamosi jioni, kwa uaminifu, wiki baada ya wiki. Nilikaa na wazo hilo bila kulimalizia. Kisha nikatia kompyuta begani na kwenda stendi.

Nilishuka Ikonge jua likiwa bado juu ya kilima kwa kiasi cha kiganja kimoja. Soko lilikuwa linafungwa, wanawake wanakunja magunia yao. Nilipita njia ya nyuma, kando ya migomba, kama mwizi wa kuku. Nikamwona Mama kabla hajaniona. Alikuwa amepanda kigoda cha kukamulia, mkono mmoja umeshika nguzo, na mwingine ulikuwa unakivika kile kijisanduku kitambaa cheupe. Akakizungushia uzi wa mgomba mkavu, akakaza fundo, akalijaribu kwa kidole kama halilegei. Aliteremka polepole kwa ajili ya goti lake, akageuka, akaniona.

Uso wake ulifunguka. Sijauona hivyo tangu nifaulu kuingia chuoni.

"Umekuja Sabato," akasema.

Huwa tunaongea Ekegusii nyumbani, na katika Ekegusii sentensi ile ilitoka fupi zaidi, ikanichoma zaidi. Nilikuwa nimekuja kutafuta aliyeniharibia kazi. Nikasema ndiyo, nimekuja Sabato.

"Na hapo ulikuwa unafanya nini, Mama?" Nilijitahidi sauti iwe ya mtu anayeuliza habari za ng'ombe.

"Nakipumzisha." Alikitazama kijisanduku kama mgeni aliyekwisha lishwa. "Ulisema hakipumziki hata siku moja. Nikafikiri, katika boma langu hata ng'ombe halimi siku hiyo. Hata mfanyakazi wa kuchuma chai namwambia aende kwao. Hiki kitafanyaje kazi juu ya kichwa changu, na mimi nimenyamaza? Nikatafuta kitambaa chepesi kisiumie. Kikilala Ijumaa, Jumamosi jioni nakiamsha. Wakati mwingine wageni wanachelewa kuondoka, na mimi nachelewa kukiamsha. Hakijalalamika."

Nilikitambua kitambaa. Ni mimi niliyekishona shuleni darasa la saba, pacha wa kile cha kufunikia chakula, chenye ua moja pembeni lililoota kombo kwa sababu nilikuwa nalirudia rudia. Jua likazama tukiwa tumesimama pale. Nikainyamazia siri yangu, kwa sababu Sabato ilikuwa imeingia na sikutaka kumpa habari ile aibebe siku nzima asiyoruhusiwa kubeba chochote.

Siku ile ya Sabato ilikuwa ndefu kuliko zote nilizoishi. Kompyuta ilikuwa ndani ya begi chini ya kitanda, na nilikuwa naisikia kama mtu anavyosikia jino. Kanisani nilisimama waliposimama, nikakaa walipokaa. Kichwani nilikuwa mbele ya jopo. Maana niseme kweli, nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Jopo halina haja na mchana. Rafiki yangu wa chumba cha kompyuta hakuombwa maoni. Mama hatakwenda chuoni kamwe. Grafu ilikuwa imenyooka, daktari alikuwa amekwisha kuitangaza, na nafasi ilikuwa moja. Niliimba wimbo mzima nikiyapanga hayo vizuri, na mwisho wake mikono yangu ilikuwa baridi. Mama aliyekaa kando yangu aliuchukua mmoja, akaufunika kwa wake, macho yake yakiwa mbele kwa mhubiri.

Watu husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wiki zote zile ningekuja nyumbani Ijumaa moja tu, Ijumaa moja, ningemwona juu ya kile kigoda. Badala yake niliandika kurasa ishirini kuhusu Sabato ya Ikonge nikiwa nimefunga pazia Nyanchwa.

Jioni jua lilipozama, Mama alikwenda nyuma ya zizi akakifunua kijisanduku, akakunja kitambaa mara nne, akarudi. Nikamwambia akae. Nilimweleza yote, kwamba kitambaa chake ndicho giza langu, kwamba nimewaambia wakubwa ni kijiji kizima, na kwamba Jumatatu ningesimama mbele yao.

Alisikiliza hadi mwisho. Mikono yake ilikuwa inakikunja kitambaa zaidi, hadi kikawa kidogo kama mkate.

"Nimekuharibia," akasema.

"Hukujua, Mama."

"Nimekuharibia masomo." Akatazama chini. "Basi sitakifunika tena. Kifanye kazi. Mungu ananijua, atanielewa."

Afadhali angenigombeza. Mama huyu, ambaye siku baba alipozikwa aliacha kuosha vyombo vya wageni kwa kuwa jua lilikuwa limezama Ijumaa, alikuwa ananipa Sabato yake kama mtu anavyotoa kuku wa mwisho. Nilijibu tutaona, nikaenda chumbani. Nikamwandikia msimamizi wangu ujumbe, nikausoma mara nane, nikautuma. Alijibu kwa mstari mmoja: tutazungumza Jumatatu.

Mficha uchi hazai. Jumatatu nilisimama mbele ya watu watano nikawaonyesha grafu tatu. Ya kwanza ilikuwa ile nzuri, na niliona macho yao yakiamka. Ya pili ilikuwa ya Jumamosi adhuhuri, jua lililofifia. Ya tatu ilikuwa Ijumaa baada ya kuiambia programu ihesabu mwanga uliozuiwa na kitambaa na kuurudisha. Nguzo saba zilikuwa sawa sawa, kama nilivyotarajia siku ya kwanza. Nikasema, "Kilichoonekana si kijiji. Ni kitambaa cha mama yangu." Mmoja wao alicheka, si kwa ubaya. Wengine waliandika.

Msimamizi wangu hakunitazama muda wote ule. Nje kwenye ukumbi akanifikia.

"Kutumia kitambaa kuurudisha mwanga ni kubahatisha," akasema. "Hatujui kama kilikuwa kimelowa au kimekauka. Inawezekana kijiji kina giza lake dogo chini ya hilo la kitambaa, na hatuwezi kuliona. Lakini wamependa ulivyosimama. Nafasi wataishikilia miezi sita. Rudia kipimo, nguzo ileile ili tulinganishe, Ijumaa zote zikiwa wazi. Mwambie mama aache."

"Amekwisha kubali kuacha," nikasema.

"Basi hakuna tatizo."

Nilisema hakuna. Wiki ile yote nilikula bila kusikia ladha. Kila kitu nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimetokea, nami nilikuwa bado mzima, hata nafasi ilikuwa bado yangu. Kwa nini basi sikutulia? Nilirudi nyuma kutikisa komeo, nikaona limefungwa, nikarudi tena.

Ijumaa nilikwenda nyumbani mapema. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha jicho la kioo ni safi kwa ajili ya kipimo kipya. Mama alikuwa amemaliza kupika. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa kwa kile kitambaa kimoja. Yeye mwenyewe hakuwa ndani.

Nilimkuta nyuma ya zizi, karibu na nguzo, amevaa nguo yake safi ya Ijumaa jioni. Kigoda kilikuwa pale. Kitambaa cha pili kilikuwa mkononi mwake, na hakuwa anafanya chochote. Alikuwa anakitazama kijisanduku, anatazama kilima, anakitazama tena. Jua lilikuwa limebakisha kidogo. Aliponisikia alikificha kitambaa nyuma yake, mtu mzima yule, kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

"Sikukifunika," akasema upesi. "Nilikuja kutazama tu."

Hapo ndipo nilipotulia, na nilijua nitafanya nini kabla sijajua kwa nini. Nikanyoosha mkono. Hakuelewa. Nikakichukua kitambaa kutoka nyuma yake, nikakikunjua. Lile ua langu la kombo likaning'inia pembeni.

"Na masomo?" akauliza.

"Nitapima usiku sita, Mama. Usiku mmoja sitaujua."

"Watakubali?"

"Hawatakubali," nikasema. Nafasi ile alipewa mwingine baada ya miezi sita, mtu mzuri, nami nilimaliza uzamili wangu kwa swali dogo la usiku sita ambalo halikusimuliwa Nairobi. Lakini jioni ile nilikuwa bado sijayajua hayo kwa uhakika, na niliogopa nikipanda kigoda.

Mama alikuja kuishika nguzo isiyumbe, kama siku ya kwanza. Nilikivika kijisanduku kitambaa. Nilikuwa naufunga uzi wa mgomba aliponiuliza kutoka chini.

"Kwani hiki hasa hupima nini?"

Mikono yangu ilisimama. Kilikuwa kimekaa bomani mwake zaidi ya nusu mwaka. Nilikuwa nimekieleza kwa daktari, kwa jopo, na kwa rafiki yangu wa kompyuta. Mama nilikuwa nimemwambia asijisumbue nacho.

"Giza la usiku," nikasema. "Kama linapungua, tangu watu waweke taa."

Alinitazama kwa mshangao, halafu kwa huruma.

"Linapungua," akasema. "Nilipoolewa hapa hakukuwa na stima. Nyota zilikuwa zinafika mpaka kwenye majani chai, kule chini, ukingoni kabisa. Sasa zinaishia juu ya kile kilima. Za upande wa Kisii zilitangulia kuondoka, hizi nyingine zikafuata." Akakaza mkono kwenye nguzo, maana nilikuwa nimeyumba. "Mbona hukuniuliza?"

Nikakaza fundo, nikalijaribu kwa kidole kama halilegei, nikateremka. Jua lilikuwa limezama. Tukaingia ndani kula.